Shati jeupe la mwanafunzi na madoa yake: Mwongozo kutoka Jeppestown, Johannesburg

Mtoto mwenye mashati mawili tu meupe ya shule hana nafasi ya kupoteza hata moja. Kwa wazazi wanaoishi Jeppestown, mashariki mwa katikati ya jiji la Johannesburg, doa lisilotoka si suala la usafi peke yake. Ni suala la fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti ya mwezi, na ni suala la mtoto kuingia darasani bila kutupiwa macho.

Madoa mengi yanayoitwa sugu, hata hivyo, hayakuwa sugu yalipoingia. Yalifanywa sugu nyumbani: kwa maji ya moto, kwa pasi, au kwa jiki iliyomiminwa mahali isipofaa. Makala haya yanaeleza ni doa gani hutolewa kwa kitu gani, kwa utaratibu upi, na kwa kutumia vitu ambavyo aghalabu hupatikana katika duka la mtaani au la dawa.

Mtaa wa karakana na wapangaji

Jeppestown ni miongoni mwa vitongoji vya kale vya Johannesburg. Kilipimwa viwanja mwishoni mwa miaka ya 1880, muda mfupi baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, na jina lake linatokana na Julius Jeppe. Leo ni mtaa wa karakana za magari, maghala, hosteli za wafanyakazi na vyumba vya kupanga. Wakazi wake ni Waafrika Kusini waliotoka mikoani pamoja na wageni kutoka Zimbabwe, Malawi, Msumbiji, Kongo, Tanzania na kwingineko.

Mtaa huo umetajwa mara kadhaa katika habari za mashambulizi dhidi ya wageni, yakiwemo yale ya mwaka 2008, 2015 na 2019. Mzazi mgeni anayeishi na kumbukumbu hizo ana sababu ya ziada ya kutaka mwanawe afanane na wenzake aingiapo katika lango la shule.

Mazingira yenyewe si rafiki wa nguo nyeupe. Kusini mwa mtaa umepita ukanda wa migodi ya zamani, wenye vilima vya mchanga wa manjano uliobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa. Udongo wa nyanda hizo za juu una oksidi ya chuma, ndiyo maana sehemu nyingi ni mwekundu. Pepo kavu za mwezi Agosti hupeperusha vumbi, na mvua za radi za majira ya joto, ambazo mara nyingi hunyesha alasiri watoto wanaporudi nyumbani, huligeuza vumbi hilo kuwa tope. Kando ya njia kuna grisi ya magari na vyuma vilivyoshika kutu.

Nchini Afrika Kusini bodi ya kila shule ndiyo inayoamua kuhusu sare. Mwaka 2006 serikali ilichapisha mwongozo wa kitaifa wa sare za shule, unaozitaka bodi hizo zizingatie uwezo wa wazazi. Lakini mwongozo haununui shati. Hali hiyo inajulikana pia Afrika Mashariki: Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilifuta ada za shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, ila sare ilibaki kuwa mzigo wa mzazi.

Uzito wa mzigo huo umewahi kupimwa. Watafiti David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia walifuatilia watoto waliopewa sare bila malipo magharibi mwa Kenya, wakaona kwamba utoro shuleni ulipungua, hasa kwa wale ambao hawakuwa na sare kabla. Ufuatiliaji wa miaka ya baadaye haukuonyesha tofauti ya kudumu katika kiwango cha elimu walichofikia. Hata hivyo, funzo la kwanza linabaki: mtoto asiye na nguo ya shule huona haya, na mwenye haya hubaki nyumbani.

Kanuni nne kabla ya sabuni

Kanuni ya kwanza ni wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Doa bichi bado limekaa juu ya nyuzi. Likikauka hupenya ndani, na mengine hubadilika kikemia kwa kukutana na hewa. Kwa mengi ya madoa, mtoto anaweza kufundishwa kuosha sehemu iliyochafuka kwa maji ya bomba akiwa shuleni, bila sabuni na bila kufikicha. Tope na wino wa kalamu ni tofauti, kama itakavyoelezwa mbele.

Kanuni ya pili ni maji baridi kwanza. Damu, maziwa, yai na jasho vina protini, na protini ikipata joto huganda kama yai linavyoganda katika kikaango. Ikigandia kwenye nyuzi za shati, kazi huwa mara mbili. Pale mfuaji asipojua doa limetokana na nini, maji baridi ndiyo njia salama.

Kanuni ya tatu ni kubonyeza, si kufikicha. Kufikicha kwa nguvu hutawanya doa na kuchakaza kitambaa, na kitambaa kilichochakaa hushika uchafu kwa wepesi zaidi. Shati ligeuzwe upande wa ndani, maji yapitishwe kutoka nyuma ya doa, ili uchafu usukumwe kutoka ulikoingilia.

Kanuni ya nne ni kwamba pasi huja mwisho. Kabla ya kuanika, shati litazamwe likiwa bado limelowa, kwenye mwanga wa mchana. Kama kivuli cha doa kipo, kazi irudiwe. Doa lililopigwa pasi mara nyingi ni doa la maisha.

Jambo jingine la kutazama ni kipande cha maelezo kilichoshonwa ndani ya ukosi. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Pamba hupenda maji na huyaachia madoa ya maji. Poliesta hukauka upesi na haikunjamani, lakini hung'ang'ania mafuta. Ndiyo sababu ukosi wa shati la mchanganyiko huwa mweusi ilhali sehemu nyingine ni safi.

Ukosi, vikono na makwapa

Mstari mweusi wa ukosi si vumbi tu. Ni mafuta ya ngozi, chembe za ngozi iliyokufa na mafuta ya kujipaka, vilivyonasa vumbi. Kwa hiyo dawa yake ni ile ya mafuta. Tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo lipakwe juu ya ukosi mkavu, liachwe kwa dakika 15, kisha lisuguliwe taratibu kwa mswaki laini wa zamani. Sabuni ya mche, kama ile ya kijani ya Sunlight inayojulikana sana Afrika Kusini, hufaa pia ikipakwa kwenye ukosi uliolowa kidogo na kuachwa kabla ya kufua. Kosa la kawaida ni kulowesha shati zima kwanza: maji yakishajaa kwenye nyuzi, sabuni hupungua nguvu pale inapohitajika zaidi.

Umanjano wa makwapani una historia tofauti. Hutokana na jasho linapochanganyika na dawa za kuzuia jasho zenye alumini, na huonekana zaidi kwa wanafunzi wakubwa. Hapa jiki haisaidii, na mara nyingi huzidisha umanjano. Sehemu hiyo ilowekwe kwa nusu saa katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa viwili, kisha isuuzwe vizuri. Baada ya hapo ipakwe uji mzito wa magadi ya kuokea na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa katika maduka ya dawa. Baada ya nusu saa shati lifuliwe kama kawaida. Siki isuuzwe yote kabla ya peroksaidi kupakwa. Viwili hivyo havipaswi kukutana.

Damu na maziwa

Pua iliyotoka damu uwanjani au goti lililochubuka ni mambo ya kila wiki shuleni. Damu bichi hutoka kwa maji baridi na chumvi kidogo: shati liloweke, maji yabadilishwe kila yanapogeuka rangi, mpaka yabaki meupe. Sabuni ifuate baadaye. Damu iliyokauka hulegezwa kwa kulowekwa usiku kucha katika maji baridi yenye sabuni ya unga iliyo na vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kukatakata protini. Maji ya moto huviua vimeng'enya hivyo. Ya vuguvugu yanatosha.

Likibaki doa la kahawia, matone ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 huliondoa juu ya kitambaa cheupe. Hutoa povu, nalo ni ishara kwamba dawa imekutana na damu. Povu likitulia, shati lisuuzwe.

Maziwa, mtindi na aiskrimu hufuata njia hiyohiyo: maji baridi, vimeng'enya, na subira.

Chai, matunda na achari

Chai na kahawa zina tanini, ambayo ni jamaa wa vitu vinavyotumika kutengenezea ngozi za wanyama. Doa bichi lisuuzwe kwa maji baridi. Lililokauka linahitaji unga wa kung'arisha wenye oksijeni, ambao kiini chake ni sodiamu pakaboneti. Unga huo ukiingia majini hutoa peroksaidi na magadi, na hufanya kazi vizuri zaidi katika maji ya moto wa wastani, kati ya nyuzi joto 40 na 60, kuliko katika maji baridi. Kwa chai ya maziwa, hatua ya maji baridi isirukwe, kwa sababu maziwa yana protini.

Miti ya forosadi ni mingi katika viunga vya Johannesburg, na mwanzo wa majira ya joto watoto hurudi na midomo na mashati ya zambarau. Rangi ya matunda hayo, kama ile ya zambarau za mwambao wa Afrika Mashariki, ina tabia ya kinyonga: katika asidi huwa nyekundu, katika sabuni yenye alkali hugeuka buluu au kijivu. Ndiyo maana mama anayekimbilia sabuni ya mche huona doa likizidi kuwa baya. Utaratibu ulio bora ni maji baridi mengi, kisha siki au maji ya limau kwa dakika kumi, kisha kusuuza, na hapo ndipo unga wa oksijeni utumike.

Chakula kinachopendwa na wanafunzi wa Johannesburg ni kota, yaani robo ya mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa chipsi, nyama ya kusindika na achari ya maembe. Achari ni doa la maadui wawili: mafuta, na rangi ya bizari ya manjano. Mafuta yatangulie kuondolewa kwa sabuni ya vyombo. Sabuni ikigusa bizari, doa huweza kugeuka jekundu. Mfuaji asishtuke, ni alkali tu inayobadili rangi hiyo. Baada ya hapo shati lilowekwe katika unga wa oksijeni, kisha lianikwe juani likiwa limelowa. Rangi ya manjano ya bizari haivumilii jua, na doa lililoshindikana beseni nzima mara nyingi hufifia kwa siku moja au mbili za kuanikwa. Ushauri huu unawafaa pia wanaokula pilau na mchuzi Mombasa, Muscat au London, ila wa London atahitaji kungoja jua.

Utomvu wa ndizi ni miongoni mwa madoa machache yanayostahili kuitwa sugu. Ukiwa mbichi hauonekani. Ukikaa hewani huwa kahawia, kisha mweusi. Upanguswe mara moja kwa pamba yenye spiriti, kabla ya maji na sabuni. Ukishageuka mweusi, unga wa oksijeni hupunguza rangi, lakini si kila mara huimaliza.

Wino, majani na rangi ya viatu

Wino wa kalamu ya kawaida ya mwanafunzi una mafuta, hivyo maji pekee huutawanya. Kitambaa chakavu au karatasi ya chooni iliyokunjwa iwekwe chini ya doa, kisha doa libonyezwe kutoka juu kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Wino utahamia kwenye karatasi. Karatasi ibadilishwe kila inapochafuka, hadi isipochukua rangi tena. Hapo ndipo shati lifuliwe. Kumimina spiriti bila karatasi chini ni kuupa wino njia ya kutambaa.

Kijani cha majani, kinachotokana na uwanja wa mpira, nacho hulegea kwa spiriti, kisha sabuni yenye vimeng'enya. Rangi nyeusi ya viatu ikwanguliwe kwanza kwa kijiko bila kusuguliwa, ifuatwe na sabuni ya vyombo, halafu spiriti. Chingamu iliyoganda huwekewa barafu ndani ya mfuko wa plastiki. Ikishakuwa ngumu huvunjika na kubanduka.

Spiriti hushika moto upesi. Itumike dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na mshumaa. Petroli na mafuta ya taa, ambayo wengine huyatumia kutoa grisi, yasiingizwe chumbani kabisa. Tarehe 31 Agosti 2023, moto katika jengo la Usindiso, Marshalltown, si mbali na Jeppestown, uliua watu 76, na miongoni mwa wakazi wake walikuwamo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Moto huo haukuhusiana na ufuaji, lakini uliionyesha dunia jinsi cheche inavyosambaa katika majengo ya vyumba vilivyobanana. Hakuna shati lenye thamani ya hatari hiyo.

Tope, grisi na kutu

Tope ni doa pekee linaloomba kungojewa. Likauke kabisa, likung'utwe na kupigwa brashi, na ndipo maji yafuate. Ukilifikicha likiwa bichi, chembe za udongo huingizwa ndani ya nyuzi. Weusi wa grisi utolewe kwa sabuni ya vyombo ikiwa kavu, kama ukosi.

Udongo mwekundu huacha kivuli cha rangi ya matofali baada ya kufuliwa. Kivuli hicho ni chuma, na kwa hiyo ni ndugu wa kutu. Kutu nayo huingia kwa njia nyingi: msumari wa kuanikia, waya badala ya kamba, kitanda cha chuma, au geti la shule. Dawa yake ni asidi. Maji ya limau na chumvi yapakwe juu ya doa, shati liwekwe juani kwa saa moja au mbili, doa likilowanishwa tena kila linapokauka, kisha lisuuzwe. Zoezi lirudiwe likihitajika.

Jiki juu ya kutu ni kosa kubwa. Klorini haiondoi chuma. Hukifanya kishike zaidi, na doa hafifu hugeuka la manjano la kudumu.

Jiki: lini itumike, lini iachwe

Katika nyumba nyingi za Waswahili, jiki ni jina la kila dawa ya klorini, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Johannesburg. Imejijengea sifa ya kung'arisha, na kwa vitambaa vya pamba tupu yenye madoa ya ukungu au ya chai ina nafasi yake, ikichanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusuuzwe upesi. Lakini kwa shati la shule ina madhara manne.

Kwanza, hula nyuzi za pamba. Shati huchanika kwenye ukosi na mabegani kabla ya wakati wake. Pili, ikikutana na jasho na protini huacha umanjano. Tatu, baadhi ya mashati yametiwa dawa ya kuzuia mikunjo, na dawa hiyo hunasa klorini, kisha hugeuka manjano shati linapopigwa pasi. Nne, hudhoofisha vile viini vya mng'ao ambavyo kiwanda kilitia ili shati lionekane jeupe zaidi. Mzazi akiona weupe umepungua huongeza jiki, na kila anavyoongeza ndivyo umanjano unavyozidi.

La muhimu kuliko yote ni usalama. Jiki isichanganywe kamwe na siki, limau, dawa ya choo yenye asidi, spiriti wala dawa yenye amonia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Zote huchoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha zinaweza kuua. Shati lililopakwa siki au limau lisuuzwe kabisa kabla ya kukaribiana na jiki. Na dawa hizi zisiwekwe katika chupa za soda, maana mtoto hujua chupa, hajui kilichomo.

Weupe uliofifia

Wakati mwingine hakuna doa, ila shati zima limekuwa la kijivu. Sababu mojawapo ni sabuni iliyobaki kwenye nyuzi na kunasa uchafu mpya. Wanaotoka mwambao wa Afrika Mashariki wamezoea maji ya visima yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yenye chokaa nyingi na povu chache, hivyo huzoea kutia sabuni kwa wingi. Maji ya Johannesburg husambazwa na shirika la Rand Water, kutoka mfumo wa mto Vaal unaopokea pia maji ya milima ya Lesotho, na hayana chokaa nyingi kiasi hicho. Kipimo cha sabuni cha kijijini kinazidi hapa. Sabuni ipungue, na kusuuza kuongezwe: mara tatu, hadi maji yabaki maangavu.

Kusuuza mara tatu si rahisi pale maji yanapokatika, jambo ambalo wakazi wa Johannesburg wamelizoea katika miaka ya karibuni, au bomba moja linapohudumia ghorofa nzima. Maji ya kusuuza mara ya mwisho yanaweza kuhifadhiwa kuwa ya kwanza ya nguo za rangi, na mashati meupe yafuliwe peke yake, yakitangulia nguo zote.

Buluu ya nguo, ambayo madobi wa Zanzibar na Mombasa wameitumia tangu zamani kwa kanzu, haitoi uchafu. Kazi yake ni kulihadaa jicho: chembe za buluu hufunika umanjano, na jicho huona weupe. Itiwe kidogo mno katika maji ya mwisho, ikorogwe vizuri kabla shati halijazamishwa, la sivyo huacha madoa yake yenyewe.

Jua ndilo king'arishi kisicho na bei. Johannesburg iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale yake isiyoonekana kwa macho ni mikali hata wakati wa baridi. Shati lianikwe likiwa limelowa, kwa kamba ya nailoni na vibanio vya mbao au plastiki. Tatizo la majira ya baridi ni muda: mwanafunzi hurudi mchana, na jua huzama mapema. Shati lililofuliwa jioni liviringishwe ndani ya taulo kavu na kukandamizwa ili taulo linywe maji, kisha litundikwe ndani. Poliesta hukauka hadi asubuhi. Kulitundika juu ya hita ni kualika moto na umanjano kwa pamoja.

Kwa ufupi

- Damu, maziwa, jasho: maji baridi, kisha sabuni yenye vimeng'enya.
- Ukosi na grisi: sabuni ya kuoshea vyombo, ikiwa kavu.
- Matunda: maji baridi na siki kwanza, sabuni baadaye.
- Achari na bizari: sabuni ya vyombo, unga wa oksijeni, jua.
- Wino na majani: spiriti, na karatasi chini ya doa.
- Tope: likauke, lipigwe brashi, ndipo maji.
- Kutu: limau, chumvi na jua, jiki isiguse.
- Pasi: baada ya doa kutoka, si kabla.

Pale njia zote zinaposhindikana, fundi cherehani bado ana la kufanya. Ukosi uliochakaa unaweza kufumuliwa na kugeuzwa, upande wa chini uliokuwa msafi ukawa juu, kwa gharama ndogo kuliko ya shati jipya. Mfuko wa kifuani waweza kuhamishwa ufunike doa la wino, mradi shule haina alama maalumu mahali hapo.

Mtoto naye ashirikishwe. Mwanafunzi wa darasa la nne au la tano anaweza kufua ukosi wake kila jioni, na akishajua kwamba wino hauguswi kwa maji, atakuwa mwangalifu na kalamu yake. Shati lililotunzwa hivyo huumaliza mwaka, na Januari shule zinapofunguliwa, mwenyewe akiwa amekua, hubaki jeupe vya kutosha kuvaliwa na mdogo wake.